Mizani Ikigoma, Je, Mlaji Ndiye Mwongo?

Limezuka katika miji yetu kundi la watu wanaotuhumiwa kila siku bila kupewa nafasi ya kujitetea. Si wezi wala wahujumu uchumi. Ni watu walioacha ugali, wali, chapati, viazi na sukari kwa nia njema ya kupunguza uzito, wakapungua kilo kadhaa katika miezi ya mwanzo, kisha mizani ikagoma. Wiki ya kwanza walidhani mizani imeharibika. Wiki ya nne wakaanza kujitilia shaka wao wenyewe. Wiki ya nane wakamwendea yule aliyewauzia programu, na jibu likawa moja kwa wote: "Wewe unakula kwa siri."

Hoja yangu leo ni kwamba jibu hilo halina msingi wa kisayansi, ni dhuluma ya kibiashara, na kwa baadhi ya watu ni hatari kwa uhai. Kukwama kwa uzito si ushahidi wa uongo wa mlaji. Ni kazi ya kawaida ya mwili ulio hai. Anayemtoza mtu fedha kwa kilo zilizoshuka, kisha akamkana kwa kilo zilizogoma, hafundishi lishe. Anauza lawama.

Nianze kwa kuweka wazi maslahi yangu. Mimi si tabibu. Shahada yangu ya uzamivu ni ya sayansi ya siasa, na kazi yangu ya kila siku ni kuwafundisha vijana namna mamlaka yanavyojihesabia mafanikio na kuwabebesha walio chini mzigo wa kushindwa. Lakini mimi pia ni mwanamume wa miaka 46 ambaye Januari mwaka jana alipanda kwenye mizani akakuta kilo 104. Niliacha wanga. Kufikia Juni nilikuwa na kilo 93, suruali zinanipwaya, wenzangu idarani wananiuliza siri. Kisha nikakaa kwenye kilo 93 kwa wiki 11, nikila vilevile na nikitembea vilevile. Nilipouliza katika kundi la WhatsApp ambalo nililipia ada ya uanachama, mwalimu wetu wa lishe alinijibu mbele ya wanachama wote kwamba mwili hausemi uongo, ila wenye mwili ndio husema uongo.

Hilo ningelimeza na kunyamaza. Lakini nilikuwa nimemwingiza dada yangu katika kundi hilohilo. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, ananizidi miaka 8, na ana kisukari aina ya pili. Naye alikwama. Naye akaambiwa kwamba anadanganya, na kwamba njia ya kuuvunja ukuta ni kufunga siku tatu mfululizo kwa maji na chumvi tu. Hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani. Alikuwa akimeza glibenklamaidi, kidonge kinacholisukuma kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajatia kitu tumboni. Alfajiri ya siku ya pili mwanawe alimkuta sakafuni, jasho limemlowesha, haitikii. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo sijaweza tena kulichukulia neno "umedanganya" kama mzaha wa mitandaoni, wala sijaweza kusahau kwamba mlango wa kundi lile nilimfungulia mimi.

Kilo za mwanzo ni za nini?

Ili tuelewe kukwama, hatuna budi kwanza kuelewa kushuka. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na akiba hiyo huitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima ni takriban nusu kilo, na kila gramu moja yake hushikilia kama gramu 3 za maji. Mtu akiacha wanga, sehemu kubwa ya akiba hiyo hutumika ndani ya siku chache na maji yake hutoka kwa mkojo. Insulini nayo ikishuka, figo hutoa chumvi zaidi, na chumvi huondoka na maji. Kwa hiyo zile kilo 2 au 3 za wiki ya kwanza, ambazo hupigwa picha na kusambazwa kama ushuhuda, kwa sehemu kubwa ni maji. Ndiyo sababu pia sahani moja ya pilau ya harusi ya Jumamosi huweza kurudisha zaidi ya kilo moja kufikia Jumatatu asubuhi. Mafuta hayakuyeyuka kwa wiki moja, wala hayakurudi kwa usiku mmoja.

Muuzaji analijua hili, au anapaswa kulijua. Lakini maji hayo ndiyo tangazo lake. Humfanya mteja aamini kwamba kasi ya wiki ya kwanza ndiyo kasi ya haki, na kwamba kila wiki itakayokuja na nusu kilo au sifuri ni ya mtu aliyezembea. Matarajio ya uongo hupandwa siku ya kwanza, na lawama huvunwa mwezi wa tano.

Mafuta halisi hupungua polepole, na kwa sharti moja tu: nishati inayotumika izidi nishati inayoingia. Hapo ndipo fundisho la kundi letu lilipopinda. Tuliambiwa kwamba asiyekula wanga hahitaji kuhesabu chochote, kwamba siagi, samli, tui zito na korosho haviwezi kumnenepesha mtu ambaye insulini yake imeshuka. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa wanaume 17 wenye uzito mkubwa waliokaa katika kituo maalumu, kila tonge lao likipimwa. Walipohamishwa kwenye chakula chenye wanga kidogo sana bila kubadilishiwa kiasi cha nishati, insulini yao ilishuka kwa karibu nusu, lakini kasi ya kupoteza mafuta haikuongezeka. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya watu wazima 609 waliogawanywa makundi mawili kwa mwaka mzima. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta, kilo 5.3. Kitakwimu tofauti hiyo haikuwa na uzito. Ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua sana na waliongezeka.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kupunguza wanga ni upuuzi. Kupunguza soda, chai ya vijiko vinne vya sukari, maandazi na mlima wa sembe iliyokobolewa ni jambo jema kwa wengi wetu, na kwa mwenye kisukari aina ya pili huweza kushusha sukari ya damu kwa kiasi kinachoonekana. Ni njia halali. Wala si siri mpya: William Banting, mzika wafu wa London, alichapisha kijitabu cha kusifu mlo wa namna hiyo mwaka 1863, na daktari Robert Atkins wa Marekani akaufufua kwa kitabu chake cha mwaka 1972. Ninachokataa ni kuigeuza njia halali kuwa imani isiyohojiwa, halafu kuwafukuza kama wazushi wale ambao miili yao imeuliza swali.

Mwili hauna habari kwamba unapunguza kitambi

Kwa nini basi mizani hugoma? Mwili hauoni kioo. Hauna habari kwamba kuna harusi mwezi wa nane au kwamba daktari ameonya kuhusu presha. Unachoona ni akiba inayopungua, na kwa viumbe walioishi na njaa kwa maelfu ya vizazi, akiba inayopungua ni tishio. Hivyo hujitetea kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Kwanza hubana matumizi. Mwili wa kilo 93 unahitaji nishati ndogo kuliko wa kilo 104 ili kupumua, kupanda ngazi na kukaa kwenye kiti. Kwa wastani, kila kilo inayoondoka hupunguza matumizi ya siku kwa kalori 20 hadi 30. Pili huongeza njaa. Mafuta yakipungua, homoni ya leptini inayoutangazia ubongo shibe hushuka, na homoni za njaa hupanda. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walionesha kwamba mabadiliko hayo yalikuwapo hata mwaka mmoja baada ya watu kupungua.

Ukubwa wa njaa hiyo ulipimwa kwa njia ambayo ingepaswa kuwanyamazisha waendesha mashtaka wote. Kundi la wagonjwa wa kisukari lilipewa dawa inayotoa sukari kwa mkojo. Kila siku walipoteza takriban kalori 360 bila wao kuhisi na bila mtu kuwaambia wale kidogo. Walipungua kilo chache, kisha wakakwama, kama wewe na mimi. Watafiti walipochambua takwimu hizo mwaka 2016 walikuta kwamba kwa kila kilo iliyopotea, hamu ya kula ilipanda kwa karibu kalori 100 kwa siku. Watu hao hawakuwa na programu ya kuisaliti wala mwalimu wa kumdanganya. Miili yao ilidai fidia, nao wakailipa bila kujua.

Sasa nichukue kilo zangu 11. Matumizi yangu ya siku yalikuwa yameshuka kwa kalori 220 hadi 330. Njaa yangu ilikuwa imepanda kwa zaidi ya kalori 1,000. Nguvu hizo mbili hukutana mahali fulani, na mahali hapo ndipo mizani husimama. Hapo pana hesabu, hapana dhambi.

Nitaleta pia ushahidi ambao unaonekana kunikana. Mwaka 1992 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa watu 10 walioapa kwamba wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Walipopimwa kwa vipimo visivyotegemea maneno yao, ilionekana walikuwa wameripoti chakula pungufu kwa asilimia 47 na kutia chumvi mazoezi yao kwa asilimia 51. "Umeona?" atasema muuzaji. Naam, nimeona. Nimeona kwamba binadamu hawezi kukadiria anachokula, kama asivyoweza kukadiria mwendo wa gari bila kipimo cha spidi. Kukosea makadirio si kudanganya. Na ikiwa makadirio ndiyo tatizo, mwenye kosa ni nani zaidi ya yule aliyetuambia tusihesabu?

Nilipima mwenyewe. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni na kwa wiki mbili nikaandika kila kitu. Kahawa yangu ya asubuhi ilikuwa na vijiko viwili vya chakula vya siagi: kalori 200. Korosho nilizotafuna nikisahihisha mitihani zilifika gramu 100 kwa siku: kalori 550. Jumla 750, sawa na nishati ya ugali uliosongwa kwa zaidi ya gramu 200 za unga. Nilikuwa nimeufukuza ugali mlangoni ukarudi kupitia dirishani, tena kwa baraka za mwalimu.

Fundisho lisiloweza kukosea

Hapa naomba nirudi kwenye taaluma yangu, maana suala hili linatuhusu hata sisi tusio na kitambi. Tazama muundo wa fundisho hili. Mteja akipungua, sifa ni ya programu. Mteja akikwama, kosa ni la mteja. Hakuna matokeo yoyote duniani yanayoweza kuonesha kwamba programu ina kasoro. Fundisho la namna hiyo halina tena sifa ya kuitwa sayansi, kwa kuwa sayansi hujiweka mahali pa kuweza kukosolewa na mambo yalivyo.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaujua muundo huo. Mradi wa maji ukitoa maji, ni juhudi za uongozi. Pampu ikifa, wananchi hawana utamaduni wa kutunza miundombinu. Mkulima akivuna, mbegu ilikuwa bora. Asipovuna, hakufuata maelekezo ya mtaalamu. Historia yetu ina mfano wake mkubwa pale Kongwa. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilimwaga mamilioni ya pauni katika mpango wa kulima karanga Tanganyika. Waliopanga walikuwa na hesabu nzuri za ekari na tani, lakini hawakuiuliza ardhi vya kutosha. Mvua zilikuwa haba, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa mgumu kama saruji, matrekta yakavunjika. Udongo haukumdanganya mtu. Ulikuwa udongo tu, wenye tabia zake, na hesabu ndiyo iliyotakiwa kubadilika.

Mwili nao ndivyo ulivyo. Programu iliyomtoa mtu kilo 104 hadi 93 iliandikwa kwa mwili wa kilo 104. Mwili huo haupo tena. Kung'ang'ania mpango uleule kwa mwili mwingine, kisha kuulaumu mwili, ni kosa la mpangaji.

Kuna madhara ya pili, nayo ni makubwa kuliko ya fedha. Mtu aliyeambiwa kwamba ni mwongo hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama huamini, akajiadhibu kwa mifungo na milo ya kichaa kama alivyofanya dada yangu. Ama hukata tamaa, akarudi kwenye soda na chipsi na kurudisha kilo zote. Njia zote mbili zinamwacha mahali pabaya kuliko alipoanzia, na zote mbili zinamrudisha kwa muuzaji kununua "awamu ya pili".

Basi tufanye nini?

Mpinzani ana haki ya kuuliza: ukiondoa lawama, unabaki na nini? Nabaki na mambo ambayo hayana mvuto wa tangazo lakini yana msingi.

La kwanza, hakikisha kwamba umekwama kweli. Jipime asubuhi baada ya haja, kabla ya kula, na uchukue wastani wa siku 7. Maji, chumvi, choo kigumu na, kwa wanawake, mzunguko wa hedhi huweza kuficha kupungua halisi kwa wiki kadhaa. Linganisha wastani wa wiki kwa wiki kwa muda usiopungua wiki 4, na upime kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Kiuno kikipungua huku kilo zimesimama, hujakwama.

La pili, pima mafuta unayokula, maana ndiyo yanayojificha. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na mpishi wa kwetu hapimi kwa kijiko, humimina. Wiki mbili za kupima kwa uaminifu hufundisha zaidi ya miezi sita ya kusoma shuhuda. Usisahau pombe. Pombe kali haina wanga, na kwa sababu hiyo husifiwa katika makundi haya, lakini kila gramu ya kilevi ina kalori 7.

La tatu, kula protini ya kutosha. Anayepungua huhitaji kiasi cha gramu 1.2 au zaidi kwa kila kilo ya uzito kwa siku ili asipoteze misuli, na protini hushibisha. Kwa kilo 93 ni kama gramu 110. Samaki aliyepikwa wa gramu 100 hutoa karibu gramu 25, mayai mawili gramu 12. Na turudishe maharage yaliyofukuzwa bila hatia: yana wanga, ndiyo, lakini yana protini na nyuzinyuzi, tena bei yake haimfilisi mwalimu wa shule ya msingi. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

La nne, ipe misuli kazi. Kutembea ni kuzuri, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Lakini ongeza siku mbili za mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, kupiga pushapu hata ukutani, kubeba ndoo ya maji. Misuli unayoilinda ni nishati unayoendelea kuitumia.

La tano ni usingizi, na hili nalisema kwa hasira. Mwaka 2010 watafiti wa Chicago waliwapunguzia chakula watu 10 kwa majuma mawili, mara wakilala kwa nafasi ya saa 8 na nusu, mara saa 5 na nusu. Kilo zilizopungua zilikaribiana, lakini waliponyimwa usingizi, mafuta yaliyopotea yalikuwa pungufu kwa asilimia 55. Kilichobaki kilitoka kwenye misuli na tishu nyingine. Sasa mfikirie karani anayeishi Mbagala au Kibaha, anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi usafiri na kurudi saa tatu usiku. Mwambie huyo kwamba tatizo lake ni uongo. Foleni, umbali wa makazi na barabara zisizo na njia ya waenda kwa miguu navyo vimo ndani ya mizani yake, na hivyo havipunguzwi kwa kuacha chapati.

La sita, na hili liandikwe kwa wino mwekundu: anayetumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamaidi asipunguze wanga kwa kiasi kikubwa, wala asifunge, kabla ya kupangiwa upya dozi na wahudumu wa afya. Dozi iliyowekwa kwa ajili ya mtu anayekula ugali humwangusha mtu aliyeuacha. Anayetumia dawa za presha naye apimwe mara kwa mara, kwa kuwa uzito na chumvi vikishuka presha hushuka navyo. Kuna dawa pia zinazoongeza uzito zenyewe, na kuna maradhi ya tezi ya shingo. Mambo hayo hutafutwa maabara, hayatafutwi kwa kumhoji mtu kama polisi.

La saba, jiulize kama ulipofika si pazuri tayari. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari. Waliolengwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, uwezekano wao wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 58. Mimi nilikuwa nimepoteza zaidi ya asilimia 10, na nilikuwa nikilia kama mtu aliyefiwa. Kuulinda uzito mpya kwa mwaka mzima ni kazi ngumu kuliko kuupata, na yeyote anayeweza anastahili heshima.

Tuliwaachia uwanja

Ningekuwa mnafiki kama ningeishia kwa wauzaji peke yao. Watu hawaendi kwao kwa ujinga. Wanakwenda kwa sababu wanasikilizwa huko kwa saa nzima, ilhali kwenye foleni ya kliniki wanapewa dakika 3 na sentensi moja: "Punguza kula." Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Jambo la ukubwa huo haliwezi kuachiwa makundi ya simu.

Halmashauri zetu zina maafisa lishe. Kwa miaka mingi kazi yao imeelekezwa kwenye utapiamlo na udumavu wa watoto, na kwa haki kabisa. Wakati umefika wapewe pia watu na muda wa kukaa na mtu mzima aliyekwama, kumpimia, na kumrudisha tena baada ya mwezi. Vyuo vyetu vinavyofundisha lishe viandike kwa Kiswahili kinachoeleweka, badala ya kuwacheka wauzaji kwa Kiingereza katika makongamano. Na anayetoza watu fedha kwa ushauri wa mlo alazimike kuuliza swali moja kabla ya kupokea ada: "Unatumia dawa gani?" Swali hilo lina maneno matatu. Lingetosha kumlinda dada yangu.

Dada sasa amebadilishiwa dawa. Anakula ugali wa dona wa kipimo cha ngumi yake, mchicha kwa wingi, dagaa na maharage. Uzito wake umesimama kwenye kilo 81 kwa miezi 7, na sukari yake imetulia. Mimi niliacha siagi ya kahawa, nikapunguza korosho hadi konzi moja ndogo, nikaanza kuchuchumaa na kuinuka sebuleni watoto wakinicheka. Baada ya miezi minne nilifika kilo 90. Hapo nimekwama tena.

Juma lililopita nilimpigia Dada simu kumwambia hivyo. Aliuliza kama nalala vizuri, na kama presha yangu nimeipima. Nilipojibu ndiyo, akasema, "Basi umefika, mdogo wangu. Kaa hapo upumzike." Nilikuwa nimelipa ada ya miezi sita nikisubiri mtu aniambie maneno hayo.